Nyota Ndani ya Finjani

Madamu, kanali wa ubalozini ambaye Dativa anamfanyia kazi za ndani huko Qurum, mtaa wa Muscat, sare zake huzipiga pasi mwenyewe. Kola huilaza kwa kidole gumba, taratibu, huku akipiga mluzi. Nyota za ujenerali anazo tayari, zimelala ndani ya finjani kabatini, kwa sababu bungeni kwao mheshimiwa mmoja aliyegombana na serikali kwa mambo mengine kabisa amezuia bunge lisiidhinishe majina ya maofisa wote wanaopandishwa vyeo. Mume wa Madamu ameshatangulia kwao. Yeye amekwama Muscat akingoja cheo. Juzi mezani mgeni mmoja akamtukana yule mheshimiwa. Madamu, ambaye hapandishi sauti hata kwa paka, akaweka kijiko chini.

"Yeye amepigiwa kura. Mimi sijapigiwa. Anikwamishe tu, lakini nyumbani kwangu hatukanwi."

Dativa, birika mkononi, aliyasikia yote. Kulipokucha, akiwa na hasira na yule mheshimiwa, alizitoa zile nyota akaziweka kando ya pasi. "Vaa tu, madamu. Huku nani atajua?" Madamu alicheka kidogo, akazirudisha ndani ya finjani. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kuing'arisha nembo ya ukanali, polepole, kama aliyevishwa jana.