Mgonjwa Anayetembea

Baba alipopasuliwa pafu, watu wa kwetu karibu na Itumbe waliudhiwa na udogo wa kidonda. Saratani yake ilionekana mapema, kwa hiyo daktari hakumfungua kifua. Alitoboa matundu matatu chini ya kwapa, akaingiza kamera na vyombo vyembamba, akatoa kipande cha pafu chenye ugonjwa. Baada ya siku chache Baba alikuwa nyumbani.

Wageni walikuja na ndizi na sukari, wakataka kuona. Shangazi, dada yake Baba, alizitazama zile plasta.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu," Baba akasema.

"Hata jipu langu lilikuwa kubwa kuliko kidonda hiki."

Daktari alikuwa amesisitiza jambo moja: Baba atembee asubuhi na jioni, avute pumzi ndefu na kukohoa, maana akilala tu makohozi yatajaa pafuni na huenda akapata nimonia. Lakini kwetu aliyepasuliwa hulala. Nani atatoka Sironga na mkungu wa ndizi kumpa pole mtu anayezungukazunguka shambani? Kila Baba alipovaa viatu, Mama aliona wageni wakishuka njiani, akamrudisha kitandani na kumfunika mablanketi mawili. Baba alikuwa mgonjwa mwenye bidii ya kulala. Kufikia Ijumaa pumzi yake ilikuwa fupi, na alikohoa kidogo kidogo huku ameshika ubavu. Niliogopa, lakini mimi si mtu wa kuongea mbele ya wageni.

Sabato alasiri walikuja watu wa kanisa. Mzee wa kanisa akatuambia tufumbe macho. Maombi yake yalianzia uumbaji wa dunia. Alipofika kwa Nuhu nilisikia kitanda kikilia, nikafumbua jicho. Baba alikuwa mlangoni, viatu mkononi. Alinitazama. Nikafumba tena.

"Amina," watu wakasema, wakakuta mablanketi peke yake.

"Sasa tulikuwa tunamwombea nani?" Shangazi akauliza.

Tulimpata akipanda kilima kando ya shamba la chai, polepole, akivuta pumzi mpaka mabega yanainuka.

"Ndugu, rudi ulale, tumalizie kwa wimbo," mzee akamwambia.

"Imbeni tukienda."

Waliimba ubeti mmoja. Kwenye wa pili kilima kiliwashinda, na mzee akaketi kwenye jiwe, ameshika kiuno. Baba alisimama kumngoja. Akakohoa kwa nguvu, mara mbili, makohozi yakatoka, akavuta pumzi ndefu ambayo sote tuliisikia.

"Huyu hata hakupasuliwa," Shangazi akasema nyuma yangu.