Azalea na Majivu ya Mama Mkwe

Majirani zangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale walinicheka, na wacheke! Nilikwenda Mbarara kuuza maharage, nikarudi na mche wa azalea, mti mfupi wa maua ambao majani yake hubaki mabichi mwaka mzima. Mama Mwislamu aliyeniuzia alinionya kwa Kiswahili cha Uganda: "Hii hapana penda jua. Na jivu, usiweke kabisa!"

Nikaupanda nyuma ya jiko, chini ya migomba, fasi yenye kivuli. Mama mkwe akashika kiuno.

"Weye! Wenzako banalima mihogo, weye unalima mapambo?"

Nikaendelea kufukia mizizi. Kwetu Kivu, kule Kongo, mkamwana hamfundishi mama mkwe kazi ya shamba, kwa hiyo hata lile neno la majivu sikumwambia.

Baada ya wiki chache majani yakaanza kuwa manjano. Nikamwagilia, nikaongeza kivuli. Wapi! Asubuhi moja nikamkuta mama mkwe ameinama pale na sufuria ya majivu ya jikoni, anayamwaga taratibu kwenye shina, kama anavyofanya kwenye mboga zake. Jamani, nilipandwa na hasira!

"Tokeni hapo! Munaniulia muti!"

Majirani wote walisikia. Jioni mume wangu akatuita na kuamua: niombe msamaha, kisha niung'oe mti. Nikapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, munisamehe kwa zile makelele. Lakini muti siing'oi. Tangu tukimbie vita, kiwanja balitupimia, mahindi balitupimia, mafuta balitupimia. Hii peke yake nilichagua miye mwenyewe."

Mume akafoka. Mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono, akanitazama, macho yamejaa machozi.

"Nilikuwa nailisha," akasema. "Niliona unaipenda. Juu ya nini haukuniambia kama haipendi majivu?"

Aibu ilinishika, ila msimamo wangu haukubadilika. Kesho yake nikachimbua udongo wote wenye majivu, nikajaza mwingine uliochanganywa na majani yaliyooza.

Mwaka ule mti haukutoa ua hata moja. Mume wangu akasimama nyuma ya jiko, akacheka.

"Si unaona sasa?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alimjibu kutoka ndani: "Anaona nini? Acha muti yetu!"