Saini Yangu Juu ya Mchele wa Meli

Nakumbuka asubuhi niliyotia saini chini ya barua iliyosema kwamba mchele uliojaa kwenye lori umelimwa katika bonde letu la Nyakitonto. Haukulimwa Nyakitonto. Haukulimwa Kigoma, wala Tanzania, wala katika nchi yoyote ya jumuiya yetu. Mwanangu, nikuite hivyo ingawa sikukuzaa, kama ningepewa siku moja tu ya kurudia katika maisha yangu, nisingeomba siku ya harusi yangu. Ningeomba ile, nifunike kalamu na kusema sitaki.

Wazee wengi wakianza kuonya husema walikuwa watoto, walikuwa hawajui. Mimi sikuwa mtoto. Nilikuwa na mvi za kwanza, na cheti cha kidato cha nne nilikitundika ukutani ili kila mgeni akione. Nilijua.

Nikueleze kwanza mambo ya karatasi, maana ninyi mmeyakuta yamekwisha kuwepo. Zamani ukipeleka gunia Burundi kupitia Kibondo na Mabamba, ulilipa ushuru kana kwamba umetoka ng'ambo ya bahari, au ulipita vichakani na roho mkononi. Kisha nchi zetu zikaungana kibiashara. Zikakubaliana kwamba kilicholimwa ndani ya jumuiya kipite mipakani bila ushuru wa forodha, na kinachotoka nje ya jumuiya kitozwe ushuru uleule, kiingilie mlango wowote. Mengine mengi uliyosikia ni hotuba. Lakini afisa wa mpakani hawezi kutazama punje ya mchele akajua imeota wapi. Lazima mtu amwambie. Kwa sisi wenye mizigo midogo iliwekwa karatasi fupi: jina la mwenye mzigo, mzigo wenyewe, mahali ulikolimwa. Viongozi walitia saini mikataba yao mbele ya kamera, nami nikasikiliza redioni nikafurahi. Sikufikiri kwamba mkataba ule mkubwa ungekuja kuegemea meza yangu yenye mguu mmoja mfupi.

Wanawake wa bonde letu walikuwa na kikundi cha kulima mpunga. Mimi nilikuwa katibu wao, kwa kuwa nilijua kuandika vizuri. Kila mmoja nilimjazia karatasi yake, na juu yake nikaweka barua ya kikundi kuthibitisha kwamba mpunga ni wa kwetu. Afisa aliisoma barua, akagonga muhuri. Baada ya misimu michache hakuisoma tena. Aliona saini, akagonga.

Mke wangu Anastazia alikuwa mmoja wa wanawake hao. Wazazi wake walikuja nchini kama wakimbizi kutoka Burundi. Yeye akapata uraia na kuolewa nami, lakini dada yake, Spesiosa, alirudi kwao wakati watu wengi waliporudi. Walikaa miaka mingi bila kuonana. Biashara ndiyo iliyowakutanisha. Spesi alikuwa na meza ya nafaka katika soko lililo mbele kidogo ya mpaka, na alipouza mchele wa mdogo wake, Anastazia alipata sababu ya kwenda kila msimu. Niliwaona siku ya kwanza. Walishikana viwiko wakasalimiana kwa Kirundi salamu ndefu isiyokwisha, habari ya mama, ya ng'ombe, ya jirani aliyekwisha kufa, mpaka watu wenye baiskeli wakawapigia kelele watoke njiani.

Wanawake wetu walikuwa na desturi yao ya kufunga magunia. Hawakutumia kamba za dukani. Walisokota nyuzi za mgomba, wakashona mdomo wa gunia kwa shazia, ile sindano nene, na kila nyumba ilikuwa na fundo lake la kumalizia. Wanunuzi wa ng'ambo hawakusoma barua yangu. Wao walitazama fundo. Spesi alikuwa akipitisha kidole juu ya mshono na kusema, "Huu ni wa mdogo wangu," na mnunuzi alibeba bila kufungua.

Sasa aje Gervasi. Tulisoma naye darasa moja, yeye akaenda kufanya biashara Kasulu mjini, akanenepa, akanunua lori. Alikuja nyumbani siku ya Jumapili baada ya misa, akaketi kwenye kiti changu.

"Katibu," akasema, "wewe unaujua mpaka ule kuliko wanaolipwa kuulinda."

Hakuna aliyekuwa akiniita Katibu nyumbani kwangu. Nikaagiza chai.

Alikuwa na mchele ghalani, wa meli, uliotoka nje mbali. Alikwisha kuutoa kwenye mifuko yake yenye maandishi na kuutia katika magunia meupe. Akiupeleka Burundi kama ulivyo, utatozwa ushuru wa vitu vya nje. Ukipita kama mchele wa bonde letu, hautatozwa kitu. Lakini mzigo wa lori zima haukubaliwi kwenye ile karatasi fupi ya wadogo. Kwa hiyo ugawanywe kwa majina ya wanawake wa kikundi, magunia machache kila jina, na uende kidogo kidogo na wabebaji wake. Yeye kwa upande wake angekuwa anabeba mchele wa wanawake hadi mpakani bila nauli.

"Hiyo ni kuwadanganya watu, Gervasi."

"Watu gani? Wakubwa wenyewe si wanafunga mpaka siku wakiamka vibaya? Leo mahindi yapite, kesho yasipite. Wameahidiana udugu, halafu kila mmoja anaficha sukari yake. Wewe ndiye padri wa jumuiya?" Akacheka, akanipiga begani. "Na uchaguzi wa ushirika wa wilaya unakuja. Nani atakujua ukibaki kuandikia akina mama?"

Aliyosema kuhusu wakubwa yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo sababu nilijificha humo. Baadaye nilijiambia kwamba nilikubali kwa ajili ya akina mama wasibebe magunia kwa baiskeli. Uongo mtupu. Nilikubali kwa sababu mtu mwenye lori aliketi nyumbani kwangu akaniita Katibu mara tatu.

Niliandika majina ya wanawake wote. Jina la mke wangu niliandika la kwanza. Kisha nikamwomba Anastazia awashonee wabebaji wa Gervasi magunia, awafundishe na fundo lake.

Alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akanusa kiganja.

"Baba Jenifa, mchele huu hauna harufu."

"Umekaa ghalani."

"Ni wa nani?"

"Wa kikundi kingine, wenzetu wa upande wa Kibondo. Wamechelewa kushona."

Alinitazama kidogo, akachukua shazia. Mwanangu, hakunitazama kwa shaka. Alitazama kuona kama nimechoka, kisha akashona magunia ya Gervasi siku nzima, akiimba nyimbo za kanisani.

Mchele ukavuka. Spesi aliyaona mafundo, akasimama mbele ya wanunuzi wake kama kawaida. Lakini msafara wa pili ulipofika, mama mmoja aliyepika kwenye harusi alirudi sokoni na sufuria la wali uliogeuka uji. Mchele ulikuwa wa zamani, umevunjikavunjika. Wakaanza kufungua magunia pale pale, na ndani ya moja wakakuta kipande cha mfuko wa awali, kimechapwa maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Soko lilipiga kelele. Tangu siku ile wakamwita Spesi "Mama Meli". Watoto walimwimbia njiani.

Mpaka ukafungwa kwetu. Mchele wote wenye barua ya kikundi ulizuiwa, pamoja na ule wa kweli uliokuwa ukisubiri. Tukaitwa mimi na Anastazia. Afisa alikuwa mtu mpole, nywele zake nyeupe kuliko zangu. Alitandaza karatasi mezani, akamgeukia mke wangu kwanza.

"Mama, hili ni jina lako?"

Anastazia aliinama akasoma. Alijua kusoma kidogo, lakini jina lake alilijua.

"Jina ni langu," akasema. "Mchele si wangu."

"Na wewe mzee, saini ni yako?"

Kupitia dirishani nilimwona Spesi amesimama ng'ambo ya geti, amejifunga kitenge kiunoni, anatungoja. Nilikuwa na jibu moja tu la kweli, tena fupi. Nikasema, "Saini ni yangu, lakini akina mama walinidanganya. Waliniletea hesabu ya magunia, nami nikaandika nilivyoambiwa."

Afisa aliyaandika maneno yangu. Anastazia alikunja mikono, akatazama ukuta.

Tulipotoka, Spesi aliniita. "Muramu!" Ndivyo wanavyomwita shemeji kwao. "Njoo hapa, mimi sikugombezi. Yaliyotokea yametokea. Chama cha wanawake wa soko kinakutana juma lijalo, wanataka kuninyang'anya meza. Niandikie barua. Useme tu kwamba mimi sikujua. Wewe unajua kuandika, na muhuri wa kikundi unao."

"Nitaandika," nikasema.

"Neno hilo moja tu, muramu. Spesi hakujua."

"Nitaandika."

Sikuandika. Nilikaa mezani siku ya kwanza nikaona kwamba nikiandika Spesi hakujua, watauliza nani alijua. Siku ya pili nikasema kesho. Anastazia alipita nyuma yangu akaona karatasi tupu, akaondoka. Chama kilikutana bila barua yangu, wakamtoa Spesi kwenye meza yake, wakampa mwingine. Wanawake wa kikundi wakaitwa ofisi ya kata mmoja mmoja kuhojiwa juu ya mchele ambao hawakuwahi kuuona, na waliporudi walipita mbele ya nyumba yangu bila kugeuza shingo. Gervasi aliuza lori, akahamia kwingine. Ule uchaguzi sikugombea.

Nilikiri baadaye, ndiyo. Nilikwenda kwa yule afisa nikasema yote, nikaadhibiwa, na wanawake wakarudishiwa jina lao. Lakini nilikiri msimu wa pili baada ya ule, wakati Spesi alikwisha kuhama soko na kwenda kulima kwa watu, mbali huko ndani, mahali ambapo simu ilikuwa inapatikana na kupotea. Barua niliyoandika wakati huo ilimkosa. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Habari zilitufikia majuma matatu baada ya maziko, kwa mdomo wa muuza mihogo, kwa kuwa hakuna ndugu aliyetaka kupiga simu nyumbani kwangu. Anastazia alikaa chini sakafuni. Nilipomsogelea akanyoosha mkono, kiganja mbele, kama unavyomzuia mbuzi.

Mwanangu, nchi zetu zinaendelea kuungana. Milango mingine itafunguliwa, na nchi nyingine zitaingia, hata zile ambazo sisi tulizisoma kwenye ramani tu. Utasikia wasomi wakibishana kama umoja huu unatufaa, na kila upande una hoja zake. Wakubwa watavunja ahadi zao, watafunga mpaka leo na kuufungua kesho. Hilo usilitumie kama nilivyolitumia mimi. Umoja huu haukai katika jumba la mikutano peke yake. Unakaa kwa yule anayeulizwa mpakani kitu hiki kimetoka wapi, na siku moja utakuwa wewe. Sema kilikotoka. Kama ni cha nje, lipa cha nje. Usiandike jina la mtu mwingine juu ya mzigo usio wake, hata jina la mkeo. Na hasa la mkeo, kwa kuwa yeye hatakuuliza. Na ukikwisha kukosea, useme siku hiyohiyo, pale pale mezani, wakati aliyeumia bado anaweza kukusikia. Kukiri kwangu kuliwafaa wengi, lakini yule aliyeniomba neno moja hakukumfikia.

Mungu akubariki katika njia zako zote za kwenda na kurudi. Akupe ndugu ng'ambo ya kila mpaka, na akupe uso wa kuwatazama. Akunyime kiti kikubwa, kama kiti hicho kitahitaji saini ya uongo. Watoto wako wasione haya kutaja jina lako sokoni.

Mimi saini ile ilinigharimu mke wangu. Anastazia yu hai, yuko Kasulu kwa binti yetu Jenifa, basi moja tu kutoka hapa. Nimekwenda mara nyingi. Jenifa hunitolea kiti nje, hunipa maji, huniuliza hali ya shamba, na mama yake hubaki ndani mpaka niondoke.