Kaba ya Okelo

Siku yangu ya kwanza kama askari jela, upande wa Homa Bay, gereza sitalitaja, mkuu wa zamu alinifundisha kaba. Ndivyo tulivyohesabu wafungwa: wanachuchumaa watano watano, mikono kichwani, macho chini, na haamki mtu mpaka ahesabiwe. "Akiinua kichwa, rungu," aliniambia. "Utazoea." Nikazoea, tena haraka, Mungu anisamehe. Kulikuwa na mfungwa aliyeitwa Okelo, magoti yake yakitetemeka kila asubuhi. Nilimchapa mpaka akaijua kaba kutushinda sisi wenyewe.

Miaka ikaenda, nikamalizia kazi Migori, kwenye mapokezi, mahali wafungwa wageni wanapoandikishwa. Wiki zangu za mwisho akaletwa kijana kutoka machimbo ya Masara, kesi ya kupigana. Akasema hajawahi kufungwa. Kabla sijafungua mdomo, akachuchumaa. Kaba safi kabisa! Nikacheka. Nikamwambia Ofisa Msimamizi, "Huyu ni mrudiaji, anaficha rekodi." Akafungiwa peke yake mpaka alama za vidole zijibiwe.

Majibu yalikuja siku ya nne: hana rekodi. Tulipofungua mlango alikuwa kwenye kaba, chakula hajagusa, anasema, "Moja. Moja. Moja."

Muuguzi wetu, mama mpole, alikaa naye sakafuni. "Nani alikufunza hivi, mwanangu?"

"Baba. Kila jioni kabla ya kula, mimi na dada zangu. Anatuhesabu. Ukitikisika, fimbo."

"Baba ni nani?" nikadakia.

"Okelo."

Nyasaye, Mungu wangu! Rungu langu lilikuwa limefika kwenye nyumba ambayo sijawahi kuingia, likawapiga watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Muuguzi akasema daktari wa akili anataka kumsikia baba mwenyewe, la sivyo kijana atapotea kabisa. Nilistaafu Ijumaa. Jumatatu nilikuwa Masara, na shati la kawaida. Nyinyi mnaovaa magwanda leo, msidhani mambo ya kazini yanabaki getini. Mimi nilidhani hivyo maisha yangu yote.

Okelo alikuwa mlangoni kwake, mvi tupu. Aliponiona akachuchumaa, mikono kichwani.

"Simama, mzee mwenzangu. Tafadhali."

Hakusimama. Nikamshika mkono, nikalia mbele ya majirani, bado hakuinuka. Mwishowe nikasema, "Moja."

Ndipo akainuka. "Afande," akauliza, "kijana wangu anakula?"