Aikande na Maji ya Kaka Mkubwa

"Mwaka mzima sijala kwa amani! Ukifungua mdomo ni Hawaii, ukifunga ni Hawaii. Shemeji, utatuletea bahari mpaka huku Old Moshi tufe maji!"

Huyo ni Elimringi, anamlalamikia Aikande, mjane wa kaka yake. Mwaka mzima! Ugomvi wenyewe una siku nne, na asubuhi hiyo kamaliza sahani mbili za ndizi, mimi jirani nikimwona.

Aikande analima magimbi kule bondeni, chini ya migomba. Mfongo wa ukoo, ule mfereji wa kuleta maji toka mlimani, uliziba kwa udongo wakati wa masika. Sasa magimbi yananyauka. Wanaume wanasema wataufukua. Kusema wanasema vizuri sana.

Siku nne nyuma, Godlove, anayetembeza wageni mashambani, alimletea Aikande bibi mmoja wa Hawaii. Bibi kuona magimbi, akashika jani kama anashika mkono wa ndugu. Kwao, akasema, gimbi ndiye kaka mkubwa. Mtoto alizaliwa mfu, wakamzika, pale likaota gimbi. Mdogo wake ndiye akawazaa watu.

"Kwa hiyo nikila gimbi nakula ndugu?" Elimringi akamuuliza Aikande asubuhi hiyo.

"Anakulisha, na wewe umtunze. Wazee wao walivuka bahari kwa mitumbwi, wanafuata nyota tu, wamebeba miche ya magimbi, migomba na kuku. Wakakuta visiwa vya milima ya moto. Wakachimba mifereji, wakagawana ardhi toka mlimani mpaka baharini. Aliyechimba ndiye aliyepata maji. Chakula kikajaa, watu wakaongezeka, ndiyo wakainuka machifu wakubwa. Mfereji ulitangulia, shemeji. Sisi hapa wakubwa tunao tele, mfereji hatuna."

Nikacheka. Elimringi akanikata jicho.

"Wale wana bahari, sisi tuna mila. Mwanamke hagusi banio, lango la maji la mfongo. Akigusa, maji yanakauka."

"Yameshakauka. Nani aligusa banio?"



Aikande akaingia ndani, akatoka amevaa mabuti ya marehemu, makubwa kama mabeseni. Akachukua jembe, akaweka begani.

"Aikande! Ukoo ukikuita kikaoni, utasema nani kakutuma? Hawaii?" Elimringi akapaza sauti.

Yeye alishapita migomba ya mwisho, anapandisha kwenda kwenye banio.