Pasi Moja, Safu Mbili

Katika karakana ya mashati, mafundi walimwita msimamizi wao Rula, kwa kuwa hakupinda. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya tajiri wao.

Jaribio la mtindo mpya wa kushona lilikuwa la Rula mwenyewe. Mafundi wa safu ya dirishani walishona kwa vipande: huyu kola, yule mikono. Wa safu ya ukutani waliendelea kama zamani, kila mtu na shati lake zima. Dirishani wakatoa mashati karibu mara mbili. Tajiri akakata shauri: mtindo mpya ubaki, mafundi wa ukutani waondoke jioni hiyo. Miongoni mwao alikuwamo wifi yake Rula, mjane wa kaka yake.

Rula aliyakubali matokeo hayo mpaka jana, wifi yake alipomtania: "Wifi, siku hizi tunashona au tunapanga foleni?"

Ndipo alipoitazama pasi. Ilikuwa moja tu, katikati ya chumba. Kola na mikono kutoka dirishani vilirundikana kwenye meza ya kupigia pasi, na wa ukutani wakasimama kusubiri, mashati mikononi.

"Mbio za hawa ndizo zinazowachelewesha wale," alimwambia tajiri. "Tumepima foleni, hatujapima mtindo."

"Sema tu unamtetea wifi yako."

Hapo ndipo palipomchoma. Ukweli ukimfaa ndugu yako, kuusema hufanana na upendeleo. Wengi hunyamaza, kisha woga wao wakauita uadilifu.

"Leo wafanye kazi wa ukutani peke yao, kesho wa dirishani. Wa ukutani wakishindwa, wifi yangu atoke wa kwanza, na mimi nimfuate."

Cherehani zilisimama, kila mtu alikuwa amesikia. Wifi aliinama kutunga uzi. Ukakataa kuingia tunduni. Akaulowesha kwa ulimi, akajaribu tena.

Kesho yake jioni, rundo la jana na la leo yaliwekwa bega kwa bega. Yalikaribia kulingana. Tajiri aliyazunguka, mafundi wakimfuata kwa macho, hatimaye akaguna: "Haya. Itafutwe pasi ya pili."

Hakuna aliyeondoka.

Getini wifi alimshika Rula mkono. "Hivi kweli ungenifukuza?"

"Ningekufukuza."

"Kweli wewe rula. Hata kwa wifi yako hupindi!"

Akasonya, akauachia mkono. Wakaongozana kurudi nyumbani.