Unga Usiopikwa wa Maman Cibalonza

Mimi, jina langu Sikujua, nikikasirika nasema sana, basi munivumilie. Nataka kuwaeleza habari ya Maman Cibalonza, jirani yangu hapa Kadutu, kwa sababu kuna watu wanaomwita "yule maman wa kuosha chupa", na kila nikisikia hivyo damu inanichemka.

Ni kweli, aliosha chupa. Miaka ishirini na saba katika labo ya hospitali, aliosha mirija ya damu na ya mikojo. Masomo yake yaliishia mwaka wa pili wa sekondari. Lakini mutu akikaa miaka yote hiyo kati ya wanaopima, na macho yake yako wazi, anajua mambo. Alijua kwamba dawa fulani za kupimia zinakaa ndani ya frigo, na kwamba stajiere, mwanafunzi wa mazoezi, aliyeziacha karibu na jiko alirudia kazi nzima siku ya pili. Alipopata pensheni, ile pensheni ya kuchekesha, akaanza kufuga kuku za nyama.

Tuko wamama kumi na wawili ndani ya chama chetu. Muradi mumoja ulitujengea nyumba za kuku, kila mumoja yake, ukatuletea na agronome, mutaalamu wa kilimo na mifugo, kijana anaitwa Guylain. Mahindi iko bei kali, basi sisi tunalisha dreshi, zile ganda za nafaka zinazobaki bia ikishatengenezwa. Shida ya dreshi ni nyuzi zake. Tumbo la kuku haliwezi kuzivunja. Zinageuka utelezi humo ndani, chakula kinapita bure, na mavi yanatoka majimaji, yananata. Ndiyo maana muradi ulileta unga wenye vimeng'enya, vitu vya kuvunja zile nyuzi ili kuku ishibe kweli na ipate nyama. Jambo zuri! Sina ugomvi na unga.

Ugomvi wangu ni na Guylain. Alitugawia ule unga katika vifuko vidogo, gunia lenye maandishi likabaki ofisini kule Ibanda. Siku ya mafunzo akatuambia tupike dreshi kama chakula cha nguruwe, na unga tuutie humo humo sufuria ikichemka, "viive pamoja." Sisi tunapikia nguruwe tangu wakati wa bibi zetu, tukaona ni sawa. Ni Cibalonza peke yake aliyeinua mukono.

"Agronome, samahani. Hii kitu, moto haitaiua? Kule labo vitu vya namna hii tulikuwa tunaweka mu baridi."

Guylain akacheka. "Maman, kule labo ulikuwa unaosha chupa. Andika tu kama wenzako."

Na sisi wote tukacheka. Ndiyo, hata mimi. Mpaka leo naona haya.

Wiki ya nne haikuisha, nyumba zetu zilikuwa matope. Vumbi la mbao tulilotandika chini liliganda na kunuka, kuku zikapata vidonda miguuni. Aliyeumia zaidi ni Chadia, binti wa wafanyabiashara wa Uvira, aliyeolewa hapa kwetu juzi juzi tu na alikuwa anafuga kwa mara ya kwanza. Kila asubuhi alipanda na gunia la vumbi jipya kutoka kwa maseremala, anabadilisha, kesho yake tope tena. Kuku zake kumi na saba zikakufa. Guylain akaja na daftari yake, sisi wote tumesimama pale, mama mukwe wa Chadia naye yuko. Akashika pua, akasema:

"Huyu ni muchafu. Nyumba ya kuku inafanana na mwenyewe."

Jamani! Mutu mwenye adabu anaweza kumwambia mwanamuke wa watu hivyo, mbele ya jirani zake? Toka siku ile Chadia akaacha kuja kwenye chama, na mama mukwe wake akaacha kula chakula alichopika. Mutoto wa watu alikonda tukimuona.

Wakati huo huo, kwa Cibalonza chini kulikuwa kukavu na kuku zilikuwa nzito. Yeye, bila kutuambia tena baada ya kile kicheko chetu, alipika dreshi, akaiepua, akangoja ipoe kabisa, ndipo akatia unga. Guylain alipoziona, badala ya kuuliza, akasema anazinywesha vidonge vya kunenepesha. Lo! Kijana huyo hana haya hata kidogo.

Cibalonza akataka kumusema kwa wakubwa wa muradi, mimi nikamushauri anyamaze. "Dada, achana naye. Kuku zako ziko muzuri, uza, ukae na amani."

Akaniangalia vibaya. "Na yule mutoto? Atabaki na jina la uchafu mpaka lini?"

Basi siku ikafika, shef wa muradi, Maman Priscille, akaja kuamua nani ameshindwa kufuga, anyang'anywe nyumba ya kuku. Guylain tayari alikuwa ameandika jina la Chadia. Walipofika kwa Cibalonza, yeye akatoka jikoni na vikombe viwili vya uji wa ngano, muzito, uliopoa. Katika kimoja akatia unga uliokorogwa na maji baridi. Katika cha pili akatia unga ule ule, kipimo kile kile, lakini uliochemshwa kwanza kama tulivyofundishwa. Akamupa Priscille kiti, akamwambia, "Shef, ungoje kidogo."

Tukangoja karibu saa nzima. Cibalonza akainamisha kikombe cha kwanza: uji ukamwagika kama maziwa. Akainamisha cha pili. Uji ukabaki umeshikamana na kikombe.

"Unga ya kwanza inafanya kazi, inavunja nyuzi," akasema. "Hii ya pili tuliiua. Chadia alikuwa anapigana na mavi ya kuku zenye njaa."

Priscille akapiga simu ofisini, wakamusomea gunia. Iliandikwa kwa herufi kubwa: usitie katika kitu cha moto. Guylain akakohoa, akasema atamuandikia Chadia message ya musamaha. Message! Ulimi wa kutukana alikuwa nao, wa kuomba musamaha akauacha nyumbani?

Priscille akamwambia aende mwenyewe. Akaenda. Chadia akasimama mulangoni, hakumukaribisha.

"Ulinitukana mbele ya watu," akamwambia. "Sitaki musamaha ya mulangoni. Ita wale wote, na mama mukwe yangu awe pale."

Jumamosi tulikuwa wote, kumi na wawili, na mama mukwe katikati. Guylain akaangalia chini, akanong'ona kwamba Maman Chadia si muchafu, kwamba kosa lilikuwa lake.

"Kwa nguvu, agronome," Cibalonza akasema. "Siku ile ulipomutukana, tulikusikia mpaka barabarani."